Brashi ya Kuchanganyia Rangi: Hotuba kwa Wachoraji wa Kompyuta, Mtwara

Shikamooni wazee wetu mliokaa mbele. Vijana, hamjambo. Wa Mtwara Mjini na Mikindani tunawaona, na wenzetu mliopanda basi kutoka Lindi, Masasi na Newala, poleni na safari. Mada yetu ni moja tu: namna ya kujitengenezea brashi ya kuchanganyia rangi kwenye programu ya uchoraji. Tutatumia Krita, kwa sababu ni ya bure, haidai malipo kila mwezi, na ukishaiweka kwenye mashine inafanya kazi bila intaneti. Mwenye Photoshop au Clip Studio Paint asiondoke. Majina ya vitufe yatabadilika lakini kazi yake haiko mbali, na tutawafikia.

Kitu tutakachochora ni bibo. Hakuna humu asiyelijua. Manjano upande mmoja, wekundu unaingia polepole upande uliopigwa jua, ngozi inang'aa, na chini yake korosho imening'inia, ya kijivu, ngumu, tofauti kabisa na tunda. Tumelichagua kwa sababu linakupa kazi mbili kwa pamoja. Ngozi yake inataka mpito laini wa rangi, na pale tunda linapokutana na korosho panatakiwa ukingo mkali. Mchoraji aliyeshika brashi moja ya kuchanganyia na kuipitisha kote ataharibu kimojawapo, na mara nyingi ataharibu vyote viwili.

Sasa shikeni neno moja kabla hatujagusa kitufe chochote. Brashi ya kuchanganyia haitengenezi rangi, inabeba. Inachota rangi iliyo chini yake, inasogea hatua, inaimwaga juu ya ile iliyopo hapo, inachota tena. Basi kila kitufe tutakachokigusa leo kinajibu moja ya maswali matatu: inachota kiasi gani, inachota kwa namna gani, na hatua zake zina urefu gani. Anayeyajua hayo hahangaiki kupakua brashi mia tatu za watu.

Tuseme kidogo juu ya hatua, maana hapa wengi hupotea. Mstari unaouona kwenye skrini si mstari. Ni chapa nyingi zilizogongwa mfululizo, kama karani anayegonga mhuri kwenye karatasi huku karatasi ikisogea. Nafasi kati ya chapa na chapa huhesabiwa kwa asilimia ya upana wa brashi. Brashi ya pikseli 80, yaani nukta ndogo zinazounda picha, yenye nafasi ya asilimia 10 inagonga kila baada ya pikseli 8. Ukiishusha hadi asilimia 5, inagonga kila pikseli 4, maana yake kwa umbali uleule inachota na kumwaga mara mbili zaidi. Ndiyo maana kupunguza nafasi kunaongeza nguvu ya mchanganyiko hata kama hukugusa kitu kingine, na ndiyo maana pia kunaielemea kompyuta.

Haya, fungueni turubai mpya. Kwa mazoezi, pikseli 2000 kwa 2000 zinatosha. Kabla ya kubofya kuunda, tazameni palipoandikwa kina cha rangi. Krita itakupa biti 8. Badilisheni iwe biti 16.

Sababu yake ni hesabu. Kwenye biti 8, kila mkondo wa rangi, nyekundu, kijani na bluu, una ngazi 256 tu. Chukua rangi mbili zilizo jirani zenye tofauti ya ngazi 20, halafu pitisha brashi hafifu ya asilimia 2. Asilimia 2 ya 20 ni 0.4. Kompyuta haina ngazi ya 0.4, kwa hiyo inakadiria kuwa sifuri, na hakuna kinachobadilika. Unapitisha tena, sifuri. Unapitisha mara kumi, sifuri vilevile, na ule mchirizi hafifu unabaki pale unakutazama. Watu huilaumu brashi, au kalamu ya kuchorea kwenye kompyuta, au mkono wao, kumbe ngazi zimekwisha. Biti 16 zina ngazi 65,536 kwa kila mkondo, na mchirizi unayeyuka.

Gharama yake ni kumbukumbu ya mashine. Karatasi ya A4 kwa ubora wa kuchapisha, yaani pikseli 2480 kwa 3508, inakula takriban megabaiti 35 kwa kila leya, yaani tabaka la mchoro, iliyojaa ukiwa biti 8, na takriban 70 ukiwa biti 16. Leya kumi tayari ni megabaiti 700, na hapo hujahesabu historia ya kurudisha nyuma makosa. Mwenye kompyuta mpakato ya RAM ya gigabaiti 4 apunguze leya, au achore kwa nusu ya ukubwa hadi mpangilio wa rangi ukae sawa, ndipo aukuze.

Sasa wekeni rangi za bibo. Msikimbilie kuchanganya. Chukueni brashi ya kawaida yenye ukingo mkali mpake mikanda mitano, kutoka manjano hadi wekundu wa kivuli. Manjano iwe karibu na nyekundu 245, kijani 200, bluu 40. Wekundu uwe karibu na 190, 30, 35. Katikati wekeni machungwa tatu mnazozichagua kwa macho yenu.

Kwa nini mikanda, na si rangi mbili tu tuiachie brashi kazi ya kutafuta ya kati? Kwa sababu brashi inatafuta ya kati kwa wastani wa namba, na wastani wa namba hauijui rangi. Kwa manjano na nyekundu za bibo una bahati: wastani ni 218, 115, 38, machungwa safi. Lakini chukua wekundu uleule uburute kwenye jani la mkorosho, tuseme 60, 120, 50. Wastani wake ni 125, 75, 43. Hilo ni tope. Na aliyezoea rangi za kopo ashike hili: bluu na manjano kwenye karatasi hutoa kijani, lakini kwenye kompyuta bluu kamili, yaani 0, 0, 255, na manjano kamili, 255, 255, 0, zikikutana nusu kwa nusu zinatoa 128, 128, 128. Kijivu. Hakuna kijani hapo hata ukiisugua mpaka asubuhi. Programu ya MyPaint, kuanzia toleo la 2.0 la mwaka 2020, ina njia ya kuiga mchanganyiko wa rangi halisi. Kwenye programu nyingi hutaipata, kwa hiyo ukitaka rangi ya kati yenye uhai, iweke mwenyewe kwa mkono. Kazi ya brashi ya kuchanganyia ni kufuta mishono tu.

Sasa brashi yenyewe. Bonyezeni F5, mhariri wa brashi unafunguka. Kwenye orodha ya brashi tafuteni zinazoanza na herufi k. Hizo ndizo za kuchanganyia zinazokuja na Krita. Chagueni ile iitwayo Blender Basic, mwihifadhi kwa jina jipya kabla ya kuibadilisha. Tunasisitiza hilo la jina jipya. Anayebadilisha ya asili na kuhifadhi juu yake hupoteza kipimo cha kurudia mambo yakiharibika.

Katika orodha ya vipengele, kimoja ndicho moyo wa brashi hii. Kimeandikwa Smudge Length, sisi tutakiita urefu wa mburuto. Kifungueni. Mtaona uchaguzi wa namna mbili, Smearing na Dulling, na asilimia ya nguvu.

Tuzitazame kwa karibu hizo namna mbili. Chora mistari mitatu myembamba myeusi juu ya rangi nyeupe, halafu pitisha brashi juu yake ukiwa kwenye Smearing. Mistari inavutwa, inapinda, inatoa mikia, lakini bado unaiona ni mitatu. Kwa nini? Brashi imebeba picha nzima ya kilichokuwa chini ya chapa iliyotangulia, pikseli kwa pikseli, na kuihamishia mbele. Kilichokuwa na nyuzi kinabaki na nyuzi. Rudisha nyuma, badilisha kwenda Dulling, pitisha tena. Safari hii mistari inapotea, panabaki wingu la kijivu. Hapa brashi haikubeba picha. Imechota rangi moja na kuijaza chapa nzima. Basi ngozi ya bibo, shavu la mtu, anga la jioni, ni kazi ya kufifisha, Dulling. Nywele, mbao, nyasi, manyoya, au ukingo unaotaka kuuvuta kidogo, ni kazi ya kuburuta, Smearing. Ukizichanganya hizi mbili, hakuna kitelezi kitakachokuokoa.

Brashi ya kwanza basi, ya kulainisha. Namna iwe Dulling. Nguvu ya mburuto asilimia 70. Msiweke 100. Kwenye 100 rangi iliyobebwa haipungui njiani, kwa hiyo manjano uliyoichota kushoto utaikuta imelala hadi mwisho wa wekundu. Chini ya 100 inapungua chapa baada ya chapa, na huo upungufu ndio unaotoa mpito. Ncha iwe ya duara, pikseli 80, mafifio ya pembeni yawe makubwa ili isiache duara. Nafasi asilimia 5. Kipengele cha Color Rate, kinachoongeza rangi uliyoishika mkononi, kizimwe kabisa. Kikibaki hata asilimia 5, brashi itakuwa inapaka bila wewe kujua, na bibo lote litaelekea rangi moja.

Kuna pia kipengele kiitwacho Smudge Radius, kinachofanya kazi kwenye Dulling. Kinapanua eneo la kuchotea rangi, kwa asilimia ya ukubwa wa brashi. Kikiwa kidogo, brashi inachota katikati tu, na mkono ukitetemeka rangi inarukaruka. Kipandisheni kidogo kidogo mkijaribu kwenye karatasi ya majaribio iliyo pembeni ya dirisha lilelile. Kikizidi sana, kila kitu kinakuwa uji.

Sasa nguvu ya mkono. Ndani ya urefu wa mburuto washeni mipangilio ya kalamu, wekeni alama kwenye Pressure. Itatokea grafu. Upande wa kushoto ni mkono mwepesi, kulia ni mkono mzito, na ile asilimia 70 mliyoweka ndiyo dari. Grafu ikianzia chini kabisa kushoto, mguso mwepesi unatoa karibu sifuri, na wewe utajikuta unakandamiza kalamu mpaka kidole kinauma. Inueni kona ya kushoto ifike kama theluthi ya urefu. Hapo hata mguso wa unyoya unafanya kazi, na mkandamizo unaongeza.

Na jihadharini na jambo ambalo hata wazoefu hulisahau. Mkiwasha nguvu ya mkono kwenye urefu wa mburuto, halafu mkaiwasha pia kwenye uzito wa chapa, yaani Opacity, athari zake zinarundikana. Mkono nusu hauleti tena nusu. Nusu mara nusu ni robo. Ndiyo maana brashi nyingi za kupakua huhisi zimekufa mkono ukiwa mwepesi, kisha ghafla zinaruka. Chagueni kipengele kimoja kitawaliwe na mkono. Ushauri wetu kwa brashi hii ni mburuto, na uzito ubaki palepale.

Ijaribuni. Pitisheni brashi kwenye mshono kati ya mkanda na mkanda, mkitembea kwa zigizaga fupi inayovuka mshono, halafu pitisho moja la mwisho kufuata umbo la bibo. Upana wa brashi ulingane na upana wa mpito mnaoutaka. Wengi huchukua brashi kubwa wakidhani watamaliza haraka. Brashi yenye upana mkubwa kuliko mkanda inachota rangi tatu kwa mpigo na kuwapa wastani wa zote tatu, na ile kazi ya kuchagua machungwa imekwenda na maji.

Brashi ya pili inapaka na kuchanganya kwa wakati mmoja. Ni hii ambayo mchoraji akiizoea hataki kuiacha. Nakilini ya kwanza, ipeni jina jingine. Mburuto asilimia 60. Sasa washeni Color Rate, nguvu asilimia 50, kwa nguvu ya mkono. Kwenye grafu yake fanyeni kinyume cha tulichofanya awali: mstari ulale sifuri mpaka theluthi ya kwanza, ndipo uanze kupanda. Matokeo yake, mguso mwepesi unachanganya tu, na mkandamizo unatoa rangi mpya. Kung'arisha mgongo wa bibo unakandamiza mara moja, unaachia, unamalizia kwa mkono mwepesi, kalamu haijainuka. Katika brashi hii ondoeni nguvu ya mkono kwenye mburuto ili visigombane.

Ya tatu ni ya nyuzi. Hapa mnatengeneza ncha wenyewe. Fungueni turubai ndogo, pikseli 300 kwa 300, nyeupe. Gongeni madoa meusi kumi na tano hadi ishirini, makubwa kwa madogo, yasiwe kwenye mstari. Fungueni F5, sehemu ya ncha ya brashi, kuna kichupo kimeandikwa Stamp. Kinachukua kilicho kwenye turubai na kukigeuza ncha. Chagueni kiwe kinyago, weusi upake na weupe uwe uwazi, mkipe jina. Namna iwe Smearing, mburuto asilimia 85 hadi 90, na nafasi ishuke hadi asilimia 3 au 4. Nafasi ikiwa kubwa kwenye ncha ya madoa, mtaona ngazi za kupandia badala ya nyuzi. Mwisho washeni mzunguko, Rotation, kwa alama ya Drawing Angle, ili nyuzi zigeuke kufuata mkono. Bila hiyo, ukichora mviringo nyuzi zinabaki zimetazama upande mmoja na jicho linagundua hapohapo.

Ya nne, ya mikwaruzo, tuipitie kwa haraka. Washeni kipengele cha Texture kwenye nakala ya brashi ya kwanza, chagueni umbile lenye chembe, punguzeni ukubwa wake mpaka chembe ziwe ndogo kuliko brashi. Kazi yake ni kuta kama zile za nyumba za zamani za Mikindani, matumbawe na chokaa. Kivuli cha alasiri kikishuka kwenye ukuta wa namna ile hakiishi kwa ulaini. Kinaishia kwenye vibonde na vinundu. Ukitumia brashi ya ngozi ya bibo hapo, chokaa kinageuka plastiki.

Hilo linatuleta mahali pa kuacha. Kinyago cha Kimakonde cha mpingo kina weusi wa kiini na weupe wa manjano wa pembezoni, na mpaka wa viwili hivyo ni mkali. Ndivyo mti ulivyo. Mng'ao kwenye mpingo uliopigwa msasa nao una ukingo. Tunaona kazi nyingi za vijana ambapo mpaka ule umelainishwa kwa sababu brashi ilikuwa mkononi, na mpingo umekuwa chokoleti iliyoyeyuka. Edward Saidi Tingatinga, mtu wa Tunduru, Kusini hukuhuku, alipaka rangi za mafuta za kopo kwenye mbao za hadibodi. Twiga na ndege zake husimama kwa kingo zilizo wazi, na hadi leo watu wananunua michoro ya namna ile. Mtu akikwambia picha isiyolainishwa haijakamilika, mpeleke akaitazame hiyo.

Kwa hiyo lindeni kingo. Bibo liwe kwenye leya yake, korosho kwenye yake. Kwenye leya ya bibo fungeni uwazi, ile alama ndogo ya miraba kwenye orodha ya leya. Ukiwa umeifunga, brashi haitatoka nje ya umbo. Na inatibu ugonjwa mwingine: usipoifunga, brashi inapopita pembeni inachota pia utupu, kwa maana pikseli zisizo na rangi, na kuubeba kuuingiza ndani. Ukingo unakonda, unakuwa nusu wazi, na ukiweka rangi ya nyuma baadaye unaona utando wa ajabu kuzunguka tunda zima. Watu huja na swali hili wakiita brashi mbovu. Brashi imefanya kazi yake, imebeba ilichokuta.

Kuna kitufe kiitwacho Overlay kinachoiruhusu brashi kuchota kutoka leya zote zinazoonekana. Ni kizuri ukitaka kuchanganya kwenye leya mpya bila kugusa ya chini. Ila kikiwa kimewaka na leya ya mistari ya wino iko wazi, brashi inachota weusi wa wino na kuusambaza, na bibo linaonekana limepita jikoni kwenye kuni. Ficheni leya ya mistari kwanza. Pia mkumbuke kwamba kilichochotwa kutoka chini sasa kimekaa juu. Ukibadilisha rangi ya leya ya chini kesho, ile ya jana bado ipo juu yake.

Nguvu ya mkono isipofanya kazi kabisa, msianze kuvunja brashi. Nendeni kwenye mipangilio ya Krita, sehemu ya tableti, yaani ubao wa kuchorea kwa kalamu. Pana kitufe cha kuipima kalamu. Kwenye Windows, papo hapo pana chaguo la njia mbili za kusoma kalamu, moja ya Wintab na nyingine ya Windows yenyewe. Badilisheni, fungeni programu, fungueni upya. Tableti nyingi za bei nafuu hupona hapo. Ikisoma lakini unalazimika kukandamiza sana, kuna grafu ya jumla ya kalamu palepale. Inueni hiyo kidogo badala ya kubadilisha brashi moja moja.

Mkono ukienda na rangi ikafuata kwa kuchelewa, mpangilio wa kutafuta ni huu: kwanza ukubwa wa brashi, pili nafasi, tatu ukubwa wa turubai. Brashi ya pikseli 500 yenye nafasi ya asilimia 2 itailemea hata mashine nzuri. Kwa maeneo makubwa kama bahari ya Shangani au anga, pandisheni nafasi hadi asilimia 10 au 12. Kwenye ncha laini ya ukubwa huo jicho halitaona chapa.

Sasa wa programu nyingine. Photoshop ina Mixer Brush tangu toleo la CS5 la mwaka 2010. Wet ni kiasi inachochota kwenye turubai, Load ni rangi iliyobeba tangu mwanzo, Mix ni uwiano wa hizo mbili, na pana vitufe viwili vya kuijaza na kuisafisha brashi kila baada ya mstari. Mkitaka ichanganye tu bila kupaka, zimeni cha kujaza, washeni cha kusafisha. Kwenye Clip Studio Paint, tafuteni kiasi cha rangi, uzito wa rangi, na mvuto wa rangi. Huo mvuto ndio mburuto wetu. Wenye iPad na Procreate, kidole cha kuchanganyia kinakubali brashi yoyote mliyo nayo, basi chagueni ncha kwanza.

Tunajua wengi humu mnachora kwa simu na kidole. Krita ya Android imetengenezwa kwa tableti, kwenye simu ndogo itawasumbua. Tumieni ibisPaint au Clip Studio. Kidole hakina mkandamizo, kwa hiyo hesabu yote ya grafu inaanguka. Dawa ni kutengeneza nakala mbili za brashi moja, dhaifu ya asilimia 25 hivi na kali ya 65, mziweke jirani, na kubadilishana. Anayetumia mausi afanye vivyo hivyo.

La mwisho ni kuhifadhi, na hapa kuna hasara za kijinga. Krita haihifadhi mabadiliko ya brashi yenyewe. Ukibadilisha asilimia, ukahamia brashi nyingine, ukarudi, mabadiliko yamekwenda, isipokuwa uwe umeweka alama ya kuyashikilia kwa muda au umebofya kuhifadhi. Umeme nao mnaujua. Kwenye mipangilio ya jumla wekeni faili zijihifadhi kila dakika 5. Majina yaanze na namba, 01 kulainisha, 02 kupaka, 03 nyuzi, 04 mkwaruzo, yatajipanga yenyewe. Zipeni lebo moja ili brashi nne zikae peke yake kwenye kidirisha, mbali na zile nyingi za asili.

Kumpa mwenzako, brashi moja ni faili la mwisho wa kpp. Ndani yake ni picha ya PNG iliyofichiwa mipangilio. Kwa sababu ni picha, programu yoyote inayobana picha njiani inaweza kuifuta mipangilio, na mwenzako atapokea kijipicha cha brashi kisichochora. Ikiwa ni WhatsApp, itumeni kama dokumenti, kamwe si kama picha. Na brashi yenye ncha mliyoitengeneza, kama ile ya madoa, msiitume peke yake. Nendeni kwenye usimamizi wa rasilimali, tengenezeni kifurushi cha bundle, wekeni ndani yake brashi, ncha na umbile lake, ndipo mtume hicho kifurushi. Anayepokea anakiingiza kupitia dirisha lilelile na brashi zinatokea.

Flashi yenye brashi nne hizi iko mezani kwa wasimamizi. Wenye kompyuta sogeeni mnakili, kisha kila mmoja afungue 01 aipandishe mburuto hadi 100, aone mwenyewe manjano ikitembea. Maswali tutayapokea mkiwa mnachora.